Mahakama ya Paris: Ghorofa 38 na njia tatu zisizokutana

Ukifika kaskazini magharibi mwa jiji la Paris, huwezi kulikosa. Ni jengo la vioo la mita 160 na ghorofa 38, kama maboksi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Si hoteli wala benki. Ni mahakama.

Kwa nini walihama?

Kwa karne nyingi kesi za Paris zilisikilizwa kwenye kasri la kale katika kisiwa cha Île de la Cité, katikati ya mto Seine. Kesi zikaongezeka, nafasi ikaisha, ofisi zikatawanyika mjini.

Jengo jipya, lililobuniwa na msanifu Mwitaliano Renzo Piano, lilifunguliwa Aprili 2018 likiwa na vyumba 90 vya kusikilizia kesi.

Haikuwa rahisi. Baadhi ya mawakili waligoma kuhama, wakafungua kesi, na mwaka 2013 ujenzi ukasimama kwa miezi kadhaa. Yaani mahakama yenyewe ilishtakiwa kabla haijasimama!

Njia hazikutani

Kinachosumbua wachoraji wa mahakama si urefu. Ni kuwatenganisha watu.

Ndiyo maana kuna njia tatu: ya wananchi, ya majaji na wafanyakazi, na ya mahabusu wanaoletwa chini ya ulinzi. Wote hukutana ndani ya chumba cha kesi tu, mbele ya macho ya watu. Hakuna wa kumvuta jaji pembeni kwenye korido, wala mahabusu kupitishwa katikati ya ndugu wa aliyeumizwa.

Vyumba vya kesi viko ghorofa za chini, ofisi ziko juu. Hivyo umati hauna haja ya kupanda lifti hadi kileleni.

Kizimba kilichozua zogo

Kitu kimoja kilileta kelele: vizimba vya vioo. Lengo ni usalama, mshtakiwa asitoroke wala kumvamia mtu.

Mawakili wakaja juu. Walisema ni shida kunong'onezana na mteja aliyefungiwa kwenye kioo, tena anaonekana mhalifu hata kabla kesi haijaanza.

Kisheria, mtu huyo bado hana hatia. Lakini ungekuwa umekaa pale, ukamwona ndani ya boksi la kioo na askari pembeni, ungemfikiriaje?