Jiko la induksheni: Mnunuzi aanzie kwenye mita, si dukani

MNUNUZI wa jiko la induksheni la daraja la juu, lile lenye oveni chini na pleti nne hadi sita juu, anaweza kulipa fedha za kutosha gari lililotumika, kisha akapikia moto wa jiko la bei poa. Mara nyingi hapo muuzaji hana kosa. Kasoro hutokana na waya unaoingia nyumbani na jinsi jiko linavyogawa nguvu ndani yake, na mambo hayo mawili hayaandikwi kwenye kibandiko cha bei.

Majiko ya umeme yamepata msukumo tangu Serikali ya Tanzania ilipozindua, mwaka 2024, mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Induksheni yenyewe si ngeni. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani iliuza la kwake mwaka 1973 kwa dola 1,500, masufuria yakiwa ndani ya bei. Chini ya kioo kuna koili ya shaba ambayo hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hivyo joto kidogo tu hupotea hewani. Vipimo vya Marekani vinaonyesha kwamba takriban asilimia 85 ya nishati huingia kwenye chakula, wakati kwa gesi ni kama asilimia 32.

Hesabu ya kwanza ni ya ampea. Sehemu ya juu ya jiko la Ulaya lenye pleti nne huandikwa kilowati 7.4, sawa na ampea 32 kwa volti 230. Ikiongezwa oveni, mahitaji hufika kilowati 11, yaani ampea 48 endapo nyumba ina umeme wa njia moja. Nyumba nyingi hazikufungiwa waya wa kubeba mzigo huo pamoja na viyoyozi na hita ya maji. Kwenye njia tatu, mzigo huohuo hugawanyika ampea 16 kila njia na tatizo huisha. Majiko mengi mazuri yana mpangilio wa kupunguza nguvu ili yasiangushe swichi, na fundi huuweka siku ya kufunga. Mwenye jiko huendelea kupika bila kujua kwamba nusu ya alicholipia imefungiwa.

Hesabu ya pili imefichika zaidi. Kwa kawaida pleti mbili za upande mmoja hulishwa na kifaa kimoja cha kilowati 3.7. Mpishi akiwasha nguvu ya ziada kwenye pleti moja ili maji ya ugali yachemke upesi, pleti ya jirani hupungua na mchuzi hupoa. Mnunuzi wa daraja la juu anapaswa kuuliza hasa hapo: vifaa vya kulisha ni vingapi, kila kimoja ni kilowati ngapi, na kinalisha pleti zipi. Muuzaji asiyejua na aonyeshe kitabu cha jiko.

Jambo jingine la kupima ni moto mdogo. Jiko hafifu huwaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, na wali hushika chini. Lililo bora hutoa moto mdogo mfululizo. Kwa tofauti hiyo inafaa kuongeza fedha. Kwa vishikio vya shaba na rangi ya kuagiza, kila mtu na mfuko wake. Kioo chenyewe si sababu kubwa, kwa kuwa majiko ya bei zinazopishana sana hutumia vioo vya Ceran vya kampuni ileile ya Schott ya Ujerumani.

Wapo wanaoletewa jiko na ndugu walioko Marekani ndani ya kontena. Huko jiko la Wolf la inchi 36 huzidi dola 10,000, na la kawaida la inchi 30 hupatikana chini ya dola 2,500. Yote hutengenezwa kwa umeme wa hezi 60 wenye waya mbili za moto za volti 120 kila mmoja. Tanzania na Kenya hutumia hezi 50 na waya mmoja wa moto. Anayelifunga hivyohivyo anajitafutia hasara, tena asitegemee dhamana.

Masufuria nayo yana gharama. Ya aluminiamu, ambayo ndiyo yamejaa majikoni, hayapati moto kabisa. Sumaku ndogo ikinata kwenye kitako, sufuria inafaa. Kikaango cha chuma cha chapati hupita, lakini karai la kitako cha mviringo halikai sawasawa. Kwa mwagizaji mwenye mtaji mdogo, masufuria ya chuma yenye kitako bapa huenda yakawa biashara ya haraka kuliko majiko: hayahitaji fundi, na kila jiko linalouzwa linayataka.

Kuhusu bili, kilowati moja kwa saa moja ni uniti moja. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa TANESCO wa daraja la T1 hutozwa Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi. Yule wa D1 hulipa Sh. 100 hadi uniti 75 kwa mwezi, kisha Sh. 350 kwa kila uniti inayozidi, na familia inayopika kila siku hufika huko mapema.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza bodi ya elektroniki, hivyo kifaa cha kuzuia mshituko kwenye swichi kubwa kiingizwe kwenye bajeti. Mende hupenda joto la feni chini ya kioo. Kioo kikipasuka hakizibwi, hubadilishwa kizima. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mnunuzi, hasa mwenye nyumba ya kupangisha anayefunga majiko kadhaa kwa mpigo, adai maandishi yanayotaja kama bodi na kioo vya akiba viko ghalani nchini, au vitasubiri meli.