Kwa nini ndege kubwa hutua 'upande upande' upepo ukiwa mkali

Video za aina hii hazikauki kwenye simu: ndege kubwa inashuka, pua imeelekea vichakani badala ya njia ya kutua. Anayeitazama akiwa Nduguti, wilayani Mkalama, anaweza kudhani rubani kazidiwa. Kumbe anafanya kile hasa alichofundishwa.

Singida wanaujua upepo. Dereva wa bodaboda anayetoka Nduguti kwenda Iguguno, upepo ukimpiga ubavuni, hakai wima. Analaza pikipiki kidogo kule upepo unakotoka, la sivyo atajikuta pembeni ya barabara. Ndege ina shida hiyohiyo, ila yenyewe angani haina lami ya kushika. Inaelea ndani ya hewa, na hewa ikihama, nayo inahamishwa.

Ndiyo maana rubani anaigeuza pua kuelekea upepo. Chukua ndege inayokuja kwa kilomita 260 kwa saa huku upepo wa ubavuni ukiwa kilomita 45. Pua itageuzwa kama nyuzi 10 hivi. Ukiwa chini unaiona imekaa upande, lakini mwendo wake uko sawasawa na mstari wa katikati.

Ngoma iko kwenye sekunde za mwisho. Matairi yakigusa lami yakiwa yamekaa upande, yanaburuzwa. Hivyo kabla tu ya kugusa, rubani anakanyaga pedali ya usukani wa mkiani ili kunyoosha pua, na papo hapo anashusha kidogo bawa la upande wa upepo ili asisukumwe. Akiwahi mno, upepo unamtoa kwenye mstari. Akichelewa, magurudumu yanabeba mzigo wa ubavuni. Na kulaza bawa kuna mpaka, maana injini za ndege nyingi kubwa zinaning'inia chini ya mabawa, karibu kabisa na ardhi.

Hamburg, Ujerumani, walishuhudia hilo Machi 1, 2008. Airbus A320 ya Lufthansa ilikuwa inatua kwenye dhoruba, ncha ya bawa lake la kushoto ikagusa lami. Marubani wakaipaisha tena, wakaenda kutua kwenye njia nyingine iliyoelekea upepo vizuri zaidi. Hakuna aliyeumia. Aina hiyo ya ndege ilijaribiwa na watengenezaji katika upepo wa ubavuni wa kama kilomita 60 kwa saa, ukivuma kwa vishindo vya hadi 70.

Kwa hiyo siyo nguvu ya upepo tu, ni unakotokea pia. Upepo wa kilomita 40 ukija kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa njia, wa ubavuni ni kilomita 20 tu. Ukija kwa nyuzi 90, zote 40 zinapiga ubavu.

Angalia uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Njia yake kuu imepewa namba 05 na 23, maana yake inaelekea kaskazini mashariki na kusini magharibi. Kaskazi inapovuma, ndege inakutana nayo usoni, raha tupu. Kusi ikija kutoka kusini mashariki, inakata njia hiyo karibu katikati. Ipo njia nyingine, namba 14 na 32, inayoelekea kusi hiyo, lakini ina urefu wa mita 1,000 hivi. Ni ya ndege ndogo, Dreamliner haiingii hapo.

Basi abiria akisikia injini zinanguruma ghafla na ndege inapaa tena ilhali lami ilishaonekana dirishani, asianze kuaga ndugu. Rubani hakupenda ilivyokaa, anazunguka kujaribu upya. Mafuta ya kuzunguka, na ya kwenda uwanja mwingine, hupigiwa hesabu kabla ya safari. Toka Dar, Zanzibar ni karibu, na njia ya pale imelala kaskazini–kusini.