Nani Awafundishe Askari Wetu?

Kijana wa Gwarama akiitwa kwenda Kanembwa, kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyo humu humu wilayani Kakonko, mama humfungia sanduku na baba humwusia awatii wakubwa. Wazazi huuliza habari za chakula na malazi. Ni wachache wanaouliza: huyo mwalimu wake naye anamtii nani?

Swali hilo liliwahi kuitikisa nchi yetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, jeshi lilibaki mikononi mwa maofisa Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo huitwa Lugalo, waliasi. Walitaka waongezewe mshahara, na maofisa wale waondolewe. Kesho yake wenzao wa Tabora nao wakaasi. Mwalimu Nyerere hakuwa na la kufanya ila kuwaomba Waingereza wale wale waje kuyazima maasi. Walifika tarehe 25. Hakuficha kwamba ilikuwa ni aibu kwa taifa. Jeshi likavunjwa, na askari wa Nigeria wakaja kulinda kwa miezi michache.

Basi likaanzishwa Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba, 1964. Walimu watoke wapi? Serikali haikutaka tena kutegemea mlango mmoja. Waisraeli walikuwa wamekwisha kusaidia katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Wachina nao waliombwa. Wajerumani wa Magharibi walikubali kufundisha marubani.

Hapo ndipo tabia ya mapatano ya namna hii ilipoonekana. Mwalimu wa kukodiwa au wa kupewa kwa msaada hubaki ni mtu wa serikali yake, na serikali hiyo ikikasirika humwita nyumbani. Mwezi Februari, 1965, Tanzania iliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Serikali ya Bonn ikawaondoa mara moja walimu wake wa ndege. Mwalimu Nyerere naye akawaambia wachukue na misaada yao mingine. (Mzee aliyekwisha kuazima jembe la jirani anajua uchungu huo.)

Wakanada ndio walioziba pengo. Mapatano yao yalikuwa ya miaka mitano tangu 1965. Kazi yao ilikuwa kushauri na kufundisha. Amri ilikuwa ya Watanzania, chini ya Mrisho Sarakikya. Walileta pia ndege za mizigo aina ya Caribou. Mwaka 1970 muda ukaisha, wakarudi kwao, na Wachina wakashika sehemu kubwa ya kazi.

Leo maofisa wetu wana chuo chao huko Monduli. Na kule Kanembwa anayewaamsha vijana kabla ya jua ni Mtanzania, aliyefungiwa sanduku na mama yake katika kijiji kingine.