Dawa ya Neva Inapogeuka Stimu

Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake huwaka moto usiku kucha hapati nafuu kwa panadol. Maumivu yake hayatokani na kidonda. Neva zenyewe zimeharibika, na sasa zinaupelekea ubongo habari za jeraha ambalo halipo. Aliyepona mkanda wa jeshi naye anaweza kupatwa na hali hiyo: vipele vimekauka, ngozi imepona, lakini shati likimgusa tu anakunja uso. Watu hawa mara nyingi huandikiwa gabapentini au pregabalini, na kwa baadhi yao ndiyo dawa ya kwanza kuwapa usingizi.

Dawa hizi ni ndugu. Gabapentini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kifafa. Pregabalini, iliyotengenezwa na mkemia Richard Silverman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Northwestern, ilifuata mwaka 2004. Zote mbili hushika sehemu ya vijilango vinavyopitisha kalsiamu kwenye seli za neva. Kalsiamu ikiingia kidogo, neva hutoa kidogo zile kemikali zinazosafirisha maumivu, na kelele hupungua.

Hatari ya dawa hizi kugeuzwa stimu inaeleweka vizuri zaidi ukianzia Montreal, mwaka 1954. Huko James Olds na Peter Milner walipandikiza nyaya nyembamba ndani ya bongo za panya, wakawawekea kitufe cha kujipitishia umeme kidogo. Umeme ulipogusa sehemu fulani, panya walikibonyeza tena na tena, bila kulazimishwa na yeyote. Baadaye ilijulikana kwamba njia hiyo ya ubongo hutumia sana kemikali iitwayo dopamini. Kazi ya dopamini si kuleta raha tu. Huufundisha ubongo nini cha kukifuata tena. Chakula huiamsha kwa kiasi. Heroini huondoa breki za seli zinazoitoa, na ubongo hujifunza somo hilo kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Je, pregabalini nayo inafanya hivyo? Ikiwa peke yake, mvuto wake ni mdogo mno ukilinganishwa na wa heroini. Katika majaribio yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 5,500, waliosema walijisikia raha isiyo ya kawaida walikuwa asilimia 4 ya waliomeza pregabalini, na asilimia 1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini watu 15 waliozoea kutumia dawa za kutuliza kwa starehe walipopewa miligramu 450, waliipenda karibu sawa na miligramu 30 za diazepamu. Dawa ni ileile; ubongo ulioipokea ulikuwa na historia nyingine. Marekani iliiweka pregabalini kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwaka 2005.

Historia hiyo ya ubongo ndiyo kiini cha jambo hili, na ndipo wengi wanapokosea, ama kwa kumtisha mgonjwa bure, ama kwa kuiona dawa hii haina madhara. Kasi ya dawa kuingia mwilini nayo inachangia. Utumbo hunyonya gabapentini kwa kiwango chenye kikomo, kwa hiyo anayeongeza vidonge hapati ongezeko linalolingana. Pregabalini haina kizuizi hicho: zaidi ya asilimia 90 huingia mwilini, na kwa tumbo tupu hufika kilele ndani ya saa moja na nusu hivi.

Uingereza imelipa gharama ya somo hili. Pregabalini ilienea magerezani na mitaani. Watu wa Belfast wakaipa jina la "budd". Katika England na Wales, vifo ambavyo vyeti vyake viliitaja vilikuwa 4 mwaka 2012. Mwaka 2016 vilifika 111. Aprili 2019 dawa zote mbili ziliwekwa chini ya sheria ya dawa za kulevya.

Wengi wa waliokufa walikuwa wameichanganya na dawa nyingine. Heroini, morfini, tramadoli na methadoni hupunguza kasi ya kupumua, na mtumiaji wa muda mrefu hujenga ustahimilivu unaomkinga kwa kiasi. Watafiti wa Bristol walionyesha kwa panya kwamba pregabalini inaweza kuuondoa ustahimilivu huo. Dozi ya jana iliyovumilika, leo inazima pumzi.

Jambo hili linagusa Dar es Salaam pia, ambako Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa watu wanaoacha unga. Nao huugua kisukari, mkanda wa jeshi na maumivu ya neva kama watu wengine, na wanastahili kutibiwa bila kushukiwa. Ila daktari anayewaandikia pregabalini lazima ajue kuhusu methadoni, na mgonjwa asione haya kuitaja, pamoja na pombe na vidonge vya usingizi. Daktari akijua, anaweza kuanza na dozi ndogo, kutoa vidonge vya siku chache, au kuchagua dawa nyingine.

Aliyetumia pregabalini kwa miezi kadhaa asiiache ghafla, hata kama hajawahi kuitafutia stimu. Mwili ulioizoea huweza kuleta jasho, wasiwasi na kukosa usingizi, na mwenye kifafa huweza kupata degedege. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwa wiki moja au zaidi.