Mbeleko ya Kushona Nyumbani

Wasomaji wa gazeti letu, muhula ukifungwa na mizigo ikiisha kuteremshwa, wengi wetu hupewa kazi ya kwanza kabla hata ya kunawa uso: "Hebu mchukue mdogo wako." Mama ana biashara yake sokoni, au ana jembe lake shambani, na mtoto hataki kulazwa chini. Kwa hiyo sioni vibaya kuandika habari za mbeleko katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hujaa habari za mpira na za mitihani. Wavulana nao wasiruke ukurasa. Mimi ni mvulana, na mdogo wetu wa mwisho amelala mgongoni mwangu mara nyingi kuliko mgongoni mwa dada zangu.

Mbeleko ni nguo ya kubelekea mtoto, yaani ya kumchukua mgongoni. Watu wa pwani hulitumia neno hilo hata katika mambo ya arusi, maana zawadi moja apewayo mama wa bibi arusi huitwa mbeleko, kwa kukumbuka jinsi alivyombeba binti yake. Huko bara zamani, kabla nguo hazijaenea, watu walitumia ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyolainishwa. Wakikuyu huita ngoi, na Wanyarwanda huita ingobyi.

Siku hizi madukani kuna mbeleko za mikanda, zilizoshonwa tayari. Ni nzuri, sikatai, lakini ile niliyoiona mjini likizo iliyopita iliuzwa shilingi 45,000, na kwetu fedha hizo ni chakula cha siku nyingi. Yangu ilinigharimu shilingi 3,000 tu. Shilingi 1,000 zilikuwa za uzi, na 2,000 nilimpa fundi aniachie cherehani chake mchana mmoja. Kitambaa kilikuwa pazia kuukuu la sebuleni.

Tena yafaa tujue kwamba mojawapo ya mbeleko za dukani zilizopata sifa kubwa huko Marekani asili yake ni Afrika. Muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na Peace Corps, lile shirika la Wamarekani wa kujitolea. Huko aliona jinsi wanawake walivyowabeba watoto mgongoni, na jinsi watoto wale walivyotulia. Aliporudi kwao akapata mtoto wa kike, akajaribu kumfunga kwa nguo kama alivyoona Togo, lakini mtoto aliteleza kila mara. Ndipo mama yake, Lucy Aukerman, alipomshonea mfuko wenye mikanda. Mwaka 1969 Ann Moore alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo, na mfuko ukauzwa kwa jina la Snugli. Basi anayenunua mbeleko ya mikanda kwa bei kubwa ajue kwamba ananunua, pamoja na vifungo vyake, kitu kinachofanana sana na kilichokuwa mgongoni mwa bibi yake.

Kabla sijaeleza ushonaji, nataka kusema wazi kwamba mtu mwenye kanga nzima na mkono uliozoea hana haja ya kushona kitu. Kanga moja ina urefu wa kadiri ya sm 150 na upana wa sm 110, nayo yatosha kabisa. Mama yangu hufunga kwa muda wa kupepesa macho, na mtoto hasogei. Lakini mkono usiozoea hufunga fundo linalolegea, na mara mtoto ameshuka mpaka kiunoni. Kwa watu wa namna hiyo, nami nikiwa mmoja wao, mbeleko ya mikanda ni msaada mkubwa, hasa safari ikiwa ndefu.

Sasa kitambaa. Hapa ndipo fedha huokolewa, kwa maana si lazima kiwe kipya. Pazia zito, shuka la pamba, khaki au kitenge kigumu vyote vyafaa. Vitambaa vinavyonyumbuka kama fulana havifai, wala sandarusi za viroba hazifai, kwa sababu huteleza, hukata mshono, na hazipitishi hewa. Kiinue kitambaa chako juani ukitazame kwa ndani. Ukiona mahali ambapo mwanga hupenya kuliko pengine, hapo pamechakaa. Kisha kishike kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu, kwanza kwa marefu, halafu kwa mapana, huku ukisikiliza. Kikitoa sauti ya kupasuka, japo ndogo, kifanye matambara ya kufutia meza. Kikishinda jaribio hili, kifue kwa maji ya moto ili kirudi kabla ya kukatwa, maana kikija kurudi baada ya kushonwa mishono itajikunja.

Unahitaji kitambaa cha urefu wa mita 2 na upana wa sm 115, ndio ule upana wa inchi 45 uliozoeleka madukani. Kata kwa kufuata uzi wa nguo, usikate mshazari, kwa kuwa mkanda wa mshazari hunyumbuka na kumshusha mtoto. Toa vipande vitatu vya marefu, kila kimoja sm 22 kwa mita 2. Viwili ni mikanda ya mabegani. Cha tatu kikate katikati upate mikanda miwili ya kiunoni ya mita moja moja. Kila mkanda ukunje kwa marefu, upande mzuri ukiwa ndani, ushone ukingoni, kisha ugeuze. Utapata mkanda wenye upana wa sm 10, na mkanda mpana namna hiyo hauumizi bega. Katika kitambaa kilichobaki kata vipande vitatu vya sm 45 kwa sm 50. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa mgongo wa mbeleko. Viwili huonekana, na cha tatu hukaa kati kwa kuongeza nguvu.

Mbeleko haifi katikati, hufa mahali mkanda unapokutana na mgongo. Hapo usifanye ubahili hata kidogo. Mikanda ya mabegani huingia katika pembe mbili za juu, na ya kiunoni katika pembe mbili za chini. Kila mmoja uingie sm 6 kamili kati ya vipande vya mgongo. Piga bandi kwanza ili visisogee, kisha shona umbo la mraba juu ya mkanda, na ndani ya mraba ushone msalaba kutoka pembe hata pembe. Rudia mara tatu. Asiye na cherehani aweza kushona kwa mkono, lakini sindano irudi nyuma kila hatua, isiende mbele tu kama ya bandi, kwa kuwa uzi wa bandi ukikatika mahali pamoja mshono wote huachia. Nilipomwendea fundi na uzi niliookota katika kikapu cha nyumbani, aliuvuta ukakatika, akaniambia, "Mwanangu, nguo yaweza kuwa kuukuu, lakini uzi usiwe kuukuu." Ndipo nikatoa zile shilingi 1,000.

Ikiisha kushonwa, mtoto asiwe wa kwanza kuijaribu. Mtoto wa mwaka mmoja huwa na uzito wa kadiri ya kilo 9 au 10. Mimi niliining'iniza mbeleko yangu katika boriti la jikoni kwa mikanda yake yote minne, nikaweka ndani kiroba cha unga cha kilo 25, nikakiacha saa nzima huku nikikitikisa mara kwa mara. Bibi alicheka sana, akauliza kama unga umelala. Baadaye nilikagua kila mshono kwa kucha.

Kuvaa kwake ni hivi. Funga mikanda ya kiunoni kwa mbele. Inama, mtu mwingine akuwekee mtoto mgongoni, kisha vuta nguo mpaka ifike juu ya makwapa yake. Mikanda ya mabegani ipite mbele kama ya mkoba, ipite chini ya makwapa yako, irudi nyuma ikutane chini ya matako ya mtoto, ipite chini ya mapaja yake, na imalizikie mbele kwa fundo lililorudiwa.

Magoti ya mtoto yawe juu kidogo kuliko matako, na mapaja yakumbatie kiuno chako kama miguu ya chura. Kukaa hivyo huusaidia mfupa wa paja kutulia vizuri katika tundu la nyonga. Katika nchi ambako watoto hufungwa miguu ikiwa imenyooshwa, nyonga huteguka kwa wingi zaidi. Huko Japani, tangu mwaka 1975 wazazi walianza kufundishwa kuacha kuwafunga watoto wachanga miguu namna hiyo, na ugonjwa huo ukapungua sana. Kama mtoto ni mdogo na nguo ni pana kupita magoti yake, ifinye kwa chini kwa utepe, uje uulegeze akikua.

Jambo zito kuliko yote ni pumzi. Mwezi Machi 2010 idara ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wazazi kwamba katika miaka 20 iliyotangulia ilikuwa imepata habari za vifo 14 vya watoto waliokuwa katika mbeleko za kuning'iniza kifuani, na 12 kati yao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Sababu ni mbili. Ama nguo huziba pua na mdomo, ama mtoto hujikunja hata kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikafinyika. Mtoto wa umri huo hawezi kuinua kichwa, wala hawezi kulia akiwa amekosa hewa, hivyo hufa kimya. Kwa sababu hiyo mtoto ambaye shingo yake haijakaza mimi simweki mgongoni katika mbeleko hii. Huwekwa mbele, wima, juu kiasi cha mchukuzi kuweza kumbusu utosini, uso wake ukionekana wakati wote. Kati ya kidevu na kifua vidole viwili vipite. Aliyezaliwa kabla ya miezi yake, au mwenye mafua ya kubana kifua, aulizwe kwanza muuguzi wa kliniki.

Kadhalika usipike ukiwa na mtoto kifuani, wala usipande naye pikipiki. Jua likiwa kali mfunike kichwa kwa kofia, usimfunike uso kwa kanga.

Kila Jumamosi, mbeleko inapofuliwa, mimi hutazama ile misalaba minne. Uzi mmoja ukichomoza, haivaliwi mpaka ishonwe upya. Katika pazia lile kilibaki kipande cha kadiri ya sm 50, na dada yangu amekishona mfuko wa nepi.