Nguvu za Miguu Baada ya Kuanguka

Mzee aliyeanguka hupata madhara ya namna mbili: jeraha lenyewe, ambalo kila mtu huliona na kulishughulikia, na udhaifu wa misuli unaojengeka kimyakimya katika siku anazolazwa kitandani huku kila kitu akiletewa. Kupungua kwa wingi na nguvu za misuli kunakoandamana na umri huitwa sarkopenia, na kulala kitandani hukuharakisha mno, kwani katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliokaa kitandani kwa siku 10 tu, pasipo maradhi yoyote, walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Kwa hiyo zile huruma za watoto na wajukuu hapa Unguja, iwe Mtoni au Mji Mkongwe, za kumkataza bibi asinyanyuke hata kwenda kuchukua maji ya kunywa, ingawa zinatokana na mapenzi ya kweli, zikiendelea baada ya jeraha kutulia humwandalia mwanguko wa pili.

Jambo la kwanza, hata hivyo, ni kuhakikisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Mzee asiyeweza kusimama, mwenye maumivu makali ya kinena, au ambaye mguu wake umefupika na kugeukia nje, huenda amevunjika nyonga, na hapo kukandwa kwa mafuta kunaweza kuzidisha madhara. Anayehitajika ni daktari na picha ya eksirei, kisha mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aamue ni lini mguu ule utaanza kubebeshwa uzito.

Baada ya ruhusa hiyo, kanuni ni moja: msuli hupata nguvu pale unapobebeshwa mzigo unaouchosha kiasi, na mzigo huo ukaongezwa hatua kwa hatua. Uzee hauiondoi kanuni hii. Huko Boston, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1990 yalionesha kwamba wakaazi wachache wa nyumba ya wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174 katika wiki 8 za kunyanyua uzito.

Unguja kifaa cha kuanzia kipo mlangoni, nacho ni baraza, ambayo kwa kuwa imejengwa ukutani haitelezi wala haipinduki kama kiti cha plastiki. Mzee hukaa ukingoni mwake, akarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, akainamisha kifua mbele, kisha akasimama, akijisukuma kwa mikono ikibidi, na kurudi kukaa polepole bila kujitupa, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie, huku mtu akiwa amesimama karibu naye. Baraza ikiwa fupi huwekwa mto mgumu. Mikono ikishaacha kuhitajika, mto huondolewa, na baadaye hushikwa kifuani mfuko wa mchele wa kilo moja. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zikipishana na siku za mapumziko, na kizunguzungu au maumivu ya kifua ni sababu ya kuacha mara moja.

Zoezi la kunyanyuka kutoka sakafuni lastahiki uzito wa pekee, kwa sababu maisha ya hapa ni ya mkekani, na wazee wengi walioanguka huhamia kusali juu ya kiti kwa kuogopa kwamba wakisujudu hawatainuka. Hufundishwa kwa vipande: kugeuka ubavu, kupiga magoti na mikono, kutanguliza unyayo mmoja, na kushika kitanda kilicho imara.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2019 yalionesha kwamba mazoezi hupunguza mianguko ya wazee kwa takriban robo. Zanzibar, ambayo tangu mwaka 2016 huwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimiza miaka 70, tayari inawatambua wazee wake shehia kwa shehia, na ingefaa mno kila mmoja wao apimwe kwa kusimama na kukaa mara 5 bila kutumia mikono, ili anayezidisha sekunde 15 aanzishiwe mazoezi kabla hajaanguka.