Utangulizi: Mpangilio wa Molekuli na Safari ya Umeme

Almasi zimechimbwa Mwadui, Shinyanga, tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipozigundua mwaka 1940. Almasi ni kaboni. Kinywe cha Mahenge nacho ni kaboni. Unganisha betri na balbu ndogo kupitia kipande cha kinywe, balbu itawaka. Weka almasi ya kawaida mahali pake, hutaona kitu. Ndani ya almasi kila atomu imeshikana na nyingine nne na elektroni zote zimefungwa humo. Kwenye kinywe imeshikana na tatu tu, katika matabaka bapa, na elektroni iliyobaki hutembea kwenye tabaka lake. Kuvuka kwenda tabaka la jirani ni shida zaidi.

Fani ninayokukaribisha kwayo inalichukua jambo hilo hadi kwenye plastiki. Mwaka 2000, mwaka uleule mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kuzalisha dhahabu, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipewa Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya polima zinazopitisha umeme. Dhahabu hupitisha umeme bila kubembelezwa. Polima zina masharti.

Chukua P3HT, polima ambayo wengi wetu tumeanzia kwayo: mnyororo wa pete zenye salfa, kila pete ikiwa na mkia wa kaboni sita. Chaji hukimbia vizuri kuufuata mnyororo. Pete za minyororo miwili zikilaliana bapa kwa bapa, zikiachana kwa takriban nanomita 0.38, chaji huweza kuruka. Kupitia upande wa mikia, karibu hakupitiki. Kwa hiyo mkao ndio unaoamua: pete zikisimama kwa ukingo juu ya kitako cha transista, chaji husafiri vyema kwa mlalo, zikilala chali, njia hiyo hudhoofika. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus na wenzake walionyesha kwamba mikao hiyo miwili ya P3HT inaweza kufanya wepesi wa chaji utofautiane kwa zaidi ya mara 100.

Usikimbilie kudhani kwamba fuwele nyingi, yaani sehemu ambamo minyororo imejipanga vizuri, ndiyo dawa. Kuna polima zenye mpangilio hafifu zinazopitisha chaji vizuri, mradi vijisehemu vilivyopangika viunganishwe na minyororo mirefu. Binafsi naona hapo ndipo fani ilipo tamu.

Kemia ya kaboni na fizikia ya umeme za sekondari zinakutosha kuanzia. Tutaanza na ukaukaji wa kiyeyusho ambamo polima imeyeyushwa: kikikauka polepole, minyororo hupata muda wa kujipanga.